Gari la kujitolea likigoma: tuanze na dalili

Usiku ule lori la vitunguu lilikuwa limelala ubavu kwenye moja ya kona za mlima Kitonga, na mimi nilikuwa kati ya waliofika mwanzo. Niliegesha Probox yangu nyuma kidogo, nikawasha hazadi, taa mbili za kazi za kwenye keria, redio ya upepo, na inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya kuchaji tochi. Injini nikaizima ili tumsikie anayeita. Tukamtoa utingo, tukamfunga mguu, gari la wagonjwa likaja likamchukua. Yote hayo kama saa moja na nusu. Niliporudi nikazungusha ufunguo: tik. Nikarudia: tik. Wafanyabiashara wa vitunguu wa pale Ruaha Mbuyuni ndio walionibusti, huku wakinicheka.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Siku hizi nikiitiwa gari la mtu anayejitolea kwenye ajali, mara nyingi gari lenyewe halina kosa. Kosa limeingia na vile tulivyoongeza: taa, redio, inveta, betri ya pili, mizigo. Kwa hiyo nimepanga haya kwa dalili, jinsi wenye magari wanavyoniambia wakinipigia simu. Unahitaji mita ya umeme ya kawaida, brashi ya waya, fyuzi za akiba na subira. Mita unayo? Twende.

"Jana lilikuwa zima, leo asubuhi haliwaki"

Usikimbilie kununua betri. Pima kwanza iliyopo, gari likiwa limelala saa kadhaa bila kuguswa. Volti 12.6 au 12.7, imejaa. 12.2, imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya 12 haina nguvu ya kuzungusha stata, hata kama dashibodi inawaka ikapendeza. Kisha busti gari, liache lingurume, upime tena palepale kwenye betri. Inatakiwa ipande kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, shida ni altaneta (inayochaji betri), mkanda wake au waya wake, na hapo vifaa vyako havina hatia.

Ikipanda vizuri lakini kila baada ya siku mbili betri inakufa, kuna kinachokula usiku. Gari lililozimwa na kufungwa linatakiwa kula chini ya miliampea 50. Sasa fanya hesabu ya mtu mmoja aliyeniletea gari mwaka jana: redio iliyoachwa ikisikiliza, kamera ya kioo cha mbele, kifuatiliaji, na inveta ambayo haijachomekwa kitu lakini imewashwa. Jumla ampea 0.6. Unaona ni kidogo. Kwa saa 24 ni ampea-saa 14.4. Magari madogo mengi yanatumia betri ya NS40, yaani kama ampea-saa 35 ikiwa mpya. Siku moja na robo, nusu ya betri imekwenda, na betri ya stata haipendi kabisa kushushwa chini ya hapo.

Namna ya kumkamata mwizi: legeza waya wa hasi kwenye betri, weka mita katikati ya waya na betri, kwenye tundu la ampea 10. Funga milango yote, au bana kitufe cha mlango ili taa ya ndani isiwake. Ngoja nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari huchelewa kulala. Halafu chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Ile inayoshusha namba ndiyo njia ya mwizi. Angalizo moja: wakati mita imekaa hapo, asiwepo mtu wa kuwasha gari. Mimi nilikuwa nimeinama, kijana wangu akasema "ngoja nijaribu, kaka," akazungusha ufunguo. Fyuzi ya mita ikaondoka, na mjini kuipata nilitafuta wiki.

Usipobaini mwizi kwenye fyuzi za gari, fuata nyaya zako mwenyewe zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri. Ndiko aliko, mara nyingi.

Tiba yangu ni swichi kuu moja kwa vifaa vyote vya kuongeza, mahali ambapo mkono wako unafika ukishuka. Anayesahau kuizima afunge kikata-umeme kinachozima vifaa betri ikifika kama volti 12. Kitonga sikuwa na mwizi wowote. Hazadi ampea nne hivi, taa za kazi sita, redio na inveta mbili: ampea 12 mara saa moja na nusu ni 18. Nusu ya NS40, tena yangu ilikuwa ya miaka mitatu. Siku hizi nikijua kazi ni ndefu naacha injini ikinguruma, mradi hakuna mafuta yaliyomwagika. Hilo la mafuta nitalirudia.

"Betri imejaa, stata inasema tik tu"

Fungua boneti utazame vichwa vya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, umeshapata jibu. Ukikuta pete nne za nyaya za vifaa zimerundikwa juu ya boliti moja ya kibano, umepata la pili. Kibano hakikai sawa kikibebeshwa mzigo.

Mtu apige stata, wewe weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya betri yenyewe na nyingine kwenye kibano chake. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea papo hapo, milimita chache kutoka betri. Toa kibano, mwagia maji ya moto yenye magadi, sugua kwa brashi hadi risasi ing'ae, rudisha, kaza, paka grisi kwa juu. Vifaa vyako vihamishie kwenye kisanduku cha fyuzi chenye waya mmoja mnene kutoka betri.

"Fyuzi inaungua, nikiweka nyingine inaungua tena"

Kabla ya yote, toa hiyo karatasi ya sigara uliyoviringisha badala ya fyuzi. Fyuzi inalinda waya. Redio haihusiki sana hapo. Ukiiziba, kinachoungua safari ijayo ni waya, ndani ya zulia, chini ya kiti alipolala mgonjwa.

Tazama inaungua lini. Ikiungua papo hapo unapoiweka, waya wa chanya umegusa bodi mahali. Mahali penyewe panajulikana: tundu la ukuta wa injini ambalo fundi alipitisha waya bila mpira, reli ya kiti inayokwenda mbele na nyuma, na bawaba ya mlango wa nyuma. Ikiungua ukipita kwenye rasta au barabara ya vumbi, waya umechubuka lakini haujagusa hadi utikiswe. Tikisa waya kwa mkono sehemu baada ya sehemu, gari likiwa limesimama, mtu akitazama taa. Ikiungua baada ya dakika kumi za kazi, umeibebesha mzigo kuliko uwezo wake.

Kipimo ninachotumia: waya wa milimita za mraba 2.5 fyuzi isizidi 20, wa 4 isizidi 30, wa 6 isizidi 40. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja. Nimeona iliyofungwa vizuri sana karibu na redio, mita nne kutoka betri. Mita zote hizo nne hazina mlinzi.

Kuna fyuzi moja inayowachanganya hata mafundi: ile ya waya wa hasi wa redio, kuungua unapopiga stata. Redio haina kosa. Waya mnene wa ethi kutoka betri kwenda bodi umelegea au umeoza, na umeme wa stata, mamia ya ampea, umetafuta njia nyingine ya kurudi ukaupata waya wako mwembamba. Kaza na safisha ethi ya gari. Na kuanzia leo hasi ya redio ifunge kwenye bodi, pale ethi ya betri inapoishia, badala ya kwenye risasi ya betri.

Neno kuhusu waya wenyewe. Kuna waya wa bei rahisi unaong'aa kama shaba, na ndani ni aluminiamu. Kwangua kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona nyeupe, urudishe. Na waya mgumu wa nyumba, wenye uzi mmoja, haufai kwenye gari. Utakatika ndani ya ganda lake na utautafuta siku nzima.

"Redio inasikia, nikibonyeza kusema inazima"

Hii ndiyo simu ninayopokea kuliko zote, na jibu lake ni hesabu ya darasa la saba. Redio ya gari ya wati 50 ikisikiliza inakula kama nusu ampea. Ukibonyeza kitufe cha kusemea inarukia 10 hadi 13. Mtu amefunga redio nyuma, mita tano kutoka betri, kwa waya wa 1.5. Kwenda na kurudi ni mita kumi. Waya huo, kwa ampea 12, unapoteza karibu volti 1.4. Injini imezimwa, betri ina 12.3, redio inapata 10.9. Redio nyingi za gari zimetengenezwa kwa volti 13.8, zikivumilia asilimia 15 chini au juu, kwa hiyo chini ya 11.7 zinajizimia. Badilisha uwe waya wa 6 na upotevu unashuka hadi karibu 0.35. Redio inazungumza.

Pima nyuma ya redio yenyewe, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Kupima ukiwa hujabonyeza hakukwambii chochote; nimebishana na mtu nusu saa kwa jambo hili, yeye akinionyesha 12.3 kwenye mita yake. Na kama redio yako imechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, usipime. Itoe pale kwanza.

"Redio inalia, wiiii, nikikanyaga mafuta"

Sikiliza mlio wenyewe. Ukipanda na kushuka pamoja na injini kama filimbi, ni altaneta. Ukiwa ni tak-tak-tak inayoongezeka kasi, ni cheche za plagi. Mvumo wa namna moja usiojali injini hutoka kwenye taa za LED au inveta.

Kisha fanya jaribio moja linalookoa siku nzima: chomoa antena nyuma ya redio. Mlio ukiondoka, unaingia kwa njia ya antena. Ukibaki, unaingia kwa waya wa umeme. (Antena ikiwa imechomolewa usibonyeze kusema, utaiua redio.)

Unaoingia kwa waya dawa yake ni kuchukua umeme karibu na betri kwa waya mnene na ethi safi. Wengi hawahitaji zaidi. Ukibaki, weka mita kwenye AC, pima betri injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa. Ikizidi nusu volti, diodi ya altaneta imekufa, na kichujio chochote utakachonunua ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

Unaoingia kwa antena, zima vifaa kimoja kimoja. Taa za LED za bei ya kutupa ndizo washtakiwa wakuu. Zinawaka vizuri kuliko jua, na papo hapo redio inakuwa kiziwi: kituo ulichokuwa unakisikia kinapotea. Wewe unadhani mwenzako amenyamaza. Kwa kazi ya usiku hilo ni baya kuliko mlio, kwa sababu mlio angalau unajitangaza. Jaribu kabla ya kununua: beba redio ndogo ya mkononi dukani, muuzaji aiwashe taa karibu nayo.

"Nasema, hawanisikii"

Antena. Fimbo ya robo wimbi kwa masafa ya megahezi 145 ina urefu wa karibu nusu mita, na inataka bati pana chini yake. Katikati ya paa ni mahali pake. Ukiifunga pembeni ya bampa itakuwa inasikia upande mmoja. Mita ya SWR (inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena) ikisoma chini ya 1.5 nenda zako. Ikipita 2 redio nyingi zinapunguza nguvu zenyewe ili zisiungue, na hapo ndipo unapodhani imeharibika.

Kebo ya antena inayopita mlangoni tazama ilipobanwa. Ikishapondeka, maji yanaingia, shaba inageuka kijani, na unabadilisha kebo nzima. Sumaku ya antena inyanyue kila wiki ufute vumbi, la sivyo utakuta duara la kutu kwenye paa.

Anayetumia redio ya mkononi akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, ajaribu kutoka nje kabla ya kunipigia. Na milimani, VHF, yaani masafa ya redio hizi, husafiri kwa kuonana. Kuna kona za Kitonga ambako hata redio ya milioni itanyamaza, na simu nayo inaonyesha hakuna mtandao. Mita mia mbili mbele inarudi. Zijue kona hizo kabla ya usiku wa kazi. Leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na masafa uliyoruhusiwa ni juu yako. Redio haihalalishwi na risiti ya duka.

"Taa za kazi zinafifia na swichi inanuka"

Umepitisha umeme wote wa taa ndani ya swichi ndogo ya dashibodi. Weka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Mguu wa 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda taa, 86 kutoka swichi, 85 ethi. Swichi sasa inabeba umeme wa kuiamsha rilei tu. Ikiwa taa bado inafifia, ethi yake imefungwa juu ya rangi. Kwangua hadi chuma.

"Betri ya pili haijai"

Injini ikinguruma, pima ya kwanza, kisha ya pili. Ya kwanza 14.2 na ya pili 12.5: rilei ya kuziunganisha haijafunga. Nyingi zinafunga kwenye 13.3 na kuachia kwenye 12.8, na ethi yake ikiwa mbovu haijui lolote. Ya pili ikisoma 13.5: waya mwembamba, au mtu amekufungia diodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu), ambayo peke yake inakula volti 0.6 au 0.7. Magari mapya yanayoshusha chaji yenyewe ili kuokoa mafuta yanataka chaja maalumu ya betri hadi betri, na betri za lithiamu vivyo hivyo. Hapo usibahatishe.

Inveta ikipiga kelele na kuzima, rudi kwenye hesabu ya redio. Inveta ya wati 300 ikifanya kazi kamili inavuta zaidi ya ampea 25. Haikai kwenye tundu la sigara.

"Kila ninayepishana naye ananipigia full"

Taa zako hazina kosa, gari limekalia makalio. Nyuma kumeshuka, mbele kumeinuka, mwanga unawaingia wenzako machoni. Shusha kila kitu ukipime kwenye mizani ya vitunguu. Mimi nilifanya hivyo na nikaona haya. Madumu mawili ya maji, kilo 40. Mitungi miwili ya kuzimia moto ya kilo 6, na chuma chake kila mmoja unakaribia kilo 10. Betri ya pili, machela, mtarimbo, shoka, jeki mbili, kamba, matairi mawili ya akiba. Halafu wanapanda watu wanne. Probox nyingi zilizotoka Japani zimeandikwa kwenye mlango wa nyuma, kwa Kijapani lakini tarakimu zinasomeka: kilo 400 wakiwa watu wawili, 250 wakiwa watano. Nilikuwa nimezipita.

Kuongeza springi bila kupunguza mzigo ni kuficha dalili, kwa sababu breki hazikuongezwa. Ukiteremka Kitonga na mzigo huo, pedali inaanza kuwa laini na harufu ya kuungua inapanda. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa miaka, yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, kwa hiyo unakanyaga hewa. Teremka kwa gia ndogo tangu juu, na mafuta ya breki yabadilishe kila miaka miwili. Ukiwa unawahi ajali ndipo unaposahau gia.

Vinavyogonga nyuma vifunge kwa mikanda kwenye pete za sakafu. Mtungi wa moto uliolazwa kwenye buti bila kufungwa, ukifunga breki utakuja mbele kabla yako.

"Glavu zinachanika, plasta hazishiki"

Joto. Gari lililofungwa juani linapita nyuzi 50 ndani, na mpira, gundi na dawa hazikuumbwa kwa hilo. Mimi nimeweka vifaa vya huduma ya kwanza kwenye kasha la kuhifadhia baridi, bila barafu, chini ya kiti. Glavu nabadilisha kabla hazijaanza kunata. Tonikwe ya kuzuia damu usiitundike kwenye kioo kama pambo. Jua linaiua polepole na utajua siku unayoikaza. Betri zitoe kwenye vifaa vya kumpimia mgonjwa, ziweke kando yake, la sivyo zitavuja ndani.

Mtungi wa poda nao unashikana chini kwa mtikisiko wa barabara. Geuza juu chini kila mwezi, tazama mshale uko kwenye kijani.

"Trafiki wananisimamisha kila kituo"

Toa vimulimuli na king'ora. Najua vinaleta heshima barabarani. Sheria haimpi mtu binafsi haki ya kupishwa, na polisi wamefanya operesheni za kuving'oa. Kinachokulinda kwenye eneo la ajali ni jaketi linaloakisi, hazadi, na pembetatu uliyoiweka mbali vya kutosha: kwenye kona, iweke kabla ya kona. Wale mnaobeba wajawazito kwa mpango wa m-mama, ule wa kupiga 115, hamhitaji kimulimuli. Kituo kinajua mko wapi. Ila mwambieni wakala wa bima gari linafanya kazi gani, kabla hajagundua mwenyewe.

"Nimefika, nanusa petroli"

Dalili hii si ya gari lako, lakini gari lako linahusika. Rilei, swichi, stata na inveta vyote vinatoa cheche ndogo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Waliokufa walipita mia moja. Kwenye barabara hii yanapita malori ya mafuta ya kwenda Zambia na Kongo usiku kucha. Ukinusa, usisogelee. Rudi nyuma, upande upepo unakotoka, juu ya mteremko na siyo chini, zima kila kitu ukiwa mbali, piga 114 ya Zimamoto, na kazi yako ya usiku huo iwe kuwazuia wenye ndoo.

"Mkanda wa kiti haufungi, umeota kutu"

Umebeba majeruhi, damu imemwagika, ukasafisha kwa klorini. Sawa kabisa. Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, inakupa asilimia 0.5 inayotakiwa kwa damu. Vaa glavu, ipake, iache dakika kumi. Kosa ni kuiacha hapo. Klorini inakula chuma, na inaanza na vile vidogo: kifungo cha mkanda, reli ya kiti, soketi ya waya iliyo chini ya zulia. Suuza kwa maji safi kwa kitambaa, kausha, acha milango wazi. Mimi kabla ya safari natandika turubai la nailoni chini ya machela, damu haifiki kwenye kiti. Kifungo nilichoharibu kilikuwa cha abiria wa mbele. Nilikitafuta kwenye vipuri vya mtumba, nikakifunga mwenyewe, na sasa nikisikia kinasema "klak" nachungulia kwanza kama hakuna rangi ya kahawia.